Matajiri waongezewe kodi? Tuulize kwanza inakatwa kwenye nini

Najua mmezoea kunikuta hapa nikiongea habari za viwavijeshi, mbolea ya kupandia na bei za sokoni. Leo naomba mnivumilie, tutoke kidogo kwenye tuta tuzungumzie kodi. Sisemi ile kodi ya shamba unayompa mzee mwenye ardhi, nasema kodi ya serikali. Haya ni maoni yangu mwenyewe, mwajiri wangu asihusishwe.

Yameanzia kwenye shamba darasa. Tulikuwa na vijana kama thelathini, tumemaliza somo la nafasi za kupandia, tumekaa chini ya mwembe tunasubiri chai. Kijana mmoja akaniuliza: "Bwana shamba, hivi kwa nini serikali isiwaongezee kodi matajiri, ikatuacha sisi tupumue?" Nikasema haya, wanaokubali wanyooshe mikono. Karibu wote wakanyoosha.

Nikauliza swali la pili: tajiri ni nani?

Hapo ndipo mjadala ulipochemka. Mmoja akasema ni mwenye V8. Mwingine, mwenye nyumba za kupangisha mjini. Wa tatu akasema tajiri ni mwenye trekta, na kijana mmoja pale kati akaruka: "Mimi nina trekta la mkopo, rejesho linaninyima usingizi, utajiri wangu uko wapi?" Watu wakacheka sana. Mimi nilicheka pia, ila niliporudi nyumbani swali likabaki nami.

Vijana wale hawako peke yao. Afrobarometer, mtandao unaopima maoni ya wananchi katika nchi zaidi ya 30 za Afrika, umekuwa ukiuliza watu kama ni haki tajiri atozwe kwa kiwango cha juu kuliko mtu wa kawaida ili kugharamia mipango ya kuwasaidia maskini. Ukichukua nchi hizo kwa pamoja, wanaosema ni haki ni wengi kuliko wanaokataa. Wengi pia husema ni vigumu kujua serikali inazitumiaje kodi. Kwa hiyo hisia ipo, na ni kubwa. Mimi naiunga mkono. Lakini naona tunaanza kuuliza katikati. Kabla ya kuuliza nani alipe zaidi, tuulize kodi inakatwa kwenye nini. Mkulima ambaye hajalijibu swali hilo anaweza kushangilia kodi ya matajiri huku ile inayommaliza yeye ikiendelea kupita.

Siku niliyosimama getini

Nina jambo la kuwaungamia. Miaka kadhaa nyuma, kabla sijahamia ninapofanya kazi sasa, tuliwahi kupangiwa zamu ya kukusanya ushuru wa mazao. Ndiyo, sisi maafisa ugani. Walisema sisi ndio tunawajua wakulima. Nikapewa mashine ya POS, kiti cha plastiki na kamba ya kufunga barabara.

Siku ya tatu ikaja fuso imebeba alizeti. Juu ya magunia amekaa kijana niliyemfundisha mwenyewe. Mbegu nilimchagulia mimi, na shamba nililitembelea mara mbili. Magunia 60, ya kama kilo 65 kila moja. Msimu ule bei ilikuwa imeanguka hadi Sh 500 kwa kilo, yaani mzigo mzima ulikuwa wa Sh 1,950,000. Asilimia 3 yake ni Sh 58,500. Aliteremka taratibu, akaniamkia vizuri, halafu akasema: "Mwalimu, mwaka huu nimekula hasara. Hiyo mashine yako ina kitufe cha hasara?"

Haikuwa nacho. Nikamkatia risiti. Hela alikopa kwa dereva.

Tukiwa bado tunaongea, ikaja gari ya bosi mmoja anayejulikana pale mjini, mwenye nyumba za kupangisha na viwanja visivyo na idadi. Nikashusha kamba, akapunga mkono, akapita. Sikumdai kitu, na kisheria sikuwa na la kumdai: hakubeba gunia.

Sisemi bosi yule alikuwa mkwepaji. Pengine alilipa kila kitu anachotakiwa kulipa huko kwingine. Nasema tu jinsi geti linavyofanya kazi. Linaona gunia. Faida halioni, na hasara halioni.

Piga hesabu na mimi

Tuchukue karatasi. Kijana amelima ekari 20 za alizeti. Gharama zote, kukodi shamba, kulima, mbegu, palizi, kuvuna na usafiri, tuseme Sh 250,000 kwa ekari. Jumla milioni 5. Amevuna kilo 500 kwa ekari, jumla kilo 10,000. Ni mfano wa kwenye karatasi, weka namba zako mwenyewe.

Bei ikiwa Sh 1,000 kwa kilo: mauzo milioni 10, faida milioni 5. Ushuru wa asilimia 3 ni Sh 300,000. Hiyo ni asilimia 6 ya faida yake. Haiumi sana.

Bei ikiwa Sh 600: mauzo milioni 6, faida milioni 1. Ushuru ni Sh 180,000. Sasa ni asilimia 18 ya faida.

Bei ikiwa Sh 500: mauzo milioni 5, faida sifuri. Ushuru ni Sh 150,000, na unaitoa mfukoni.

Bei ikiwa Sh 450: mauzo milioni 4.5, hasara Sh 500,000. Ushuru ni Sh 135,000. Hasara yako sasa ni Sh 635,000.

Umeona kinachotokea? Anayepata sana anakatwa sehemu ndogo ya faida. Anayepata kidogo anakatwa sehemu kubwa. Aliyepoteza anaongezewa hasara. Kodi imesimama kichwa chini miguu juu. Na hakuna aliyepanga kumwonea mtu. Ndivyo inavyokuwa kila unapokata kwenye mauzo badala ya faida, hasa kwenye biashara kama yetu ambayo bei yake inaamuliwa na mvua, dalali na meli ya mafuta ya kula inayotia nanga Dar es Salaam.

Linganisha na kampuni. Kodi ya mapato ya kampuni Tanzania ni asilimia 30, na inakatwa kwenye faida. Ikipata faida ya milioni 5, inalipa milioni 1.5. Ikipata milioni 1, inalipa Sh 300,000. Ikipata hasara, hasara hiyo inahesabiwa hata mwaka unaofuata. Asilimia 30 inatisha masikioni, asilimia 3 inasikika kama peremende. Lakini ile ya 30 inajua mwaka mbaya ni nini.

Tuwe wakweli pia: ushuru huu umewahi kuwa mzito zaidi. Ulifika asilimia 5 ya bei, na mwaka wa fedha 2017/18 ukashushwa hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara, na mzigo usiozidi tani moja ukaachiwa kuvuka halmashauri bila ushuru. Ndiyo maana mnaona bodaboda zenye magunia zikipishana kama siafu. Na kodi ya maendeleo, ile ambayo wazee wetu waliendelea kuiita kodi ya kichwa, ilifutwa mwaka 2003. Waulize wazee watakusimulia: mwenye ng'ombe mia na mwenye kuku wawili walidaiwa kiasi kilekile, na msimu wa kudaiwa wanaume walilala porini. Kwa hiyo kodi mbaya hubadilika. Ila hubadilika watu wakijua kueleza inauma wapi.

"Lakini sheria inasema mnunuzi ndiye anayelipa"

Kweli kabisa. Ushuru wa mazao kisheria unamwangukia mnunuzi. Sasa niambie, mnunuzi akija shambani kwako na kalkuleta, akijua ataachia Sh 30 getini kwa kila kilo ya Sh 1,000, anakupa bei gani? Anakupa Sh 970. Amelipa yeye, umebeba wewe.

Somo hili ni kubwa kuliko ushuru wenyewe. Anayeandikwa kwenye risiti na anayebeba mzigo wanaweza kuwa watu wawili tofauti. Mwenye haraka ndiye anayebeba. Nyanya zako zinaoza, yeye anaweza kusubiri. Ada ya shule inakudai, yeye ana ghala. Kwa hiyo mtu akisimama jukwaani akatangaza "tunawatoza wafanyabiashara wakubwa", usipige makofi mapema. Uliza kodi hiyo inaweza kuteremshwa hadi shambani au haiwezi. Ukimwongezea mwenye kiwanda ushuru kwa kila kilo ya alizeti anayokamua, ataushusha kwenye bei anayokununulia. Ukikata kwenye faida yake baada ya kuuza mafuta, inakuwa vigumu zaidi kwake kukurudishia wewe.

Kupandisha kiwango peke yake hakutoshi

Sasa turudi kwa matajiri. Wengi tunadhani dawa ni moja: pandisha asilimia. Tuangalie majirani.

Kenya ilifanya hivyo. Kuanzia Julai 2023 iliongeza ngazi mbili za juu kwenye kodi ya mapato ya mtu binafsi: asilimia 32.5 kwa sehemu ya kipato iliyo kati ya Sh 500,000 na 800,000 za Kenya kwa mwezi, na asilimia 35 kwa kinachozidi hapo. Ni hatua ya haki kwenye karatasi. Lakini wa kwanza kuisikia ni mwenye hati ya mshahara, maana yeye anakatwa kabla hajaishika hela. Mwenye kipato cha pembeni kisichoonekana mpaka akiseme mwenyewe, huyo ana nafasi ya kujikunja. Mwaka uliofuata vijana wa Kenya walijaa barabarani kuupinga Muswada wa Fedha wa 2024, uliokuja na mapendekezo kama VAT kwenye mkate na kodi ya kila mwaka kwenye magari, na Juni 26 Rais William Ruto akatangaza kwamba hatausaini. Kuwapandishia wachache kiwango hakukuwapoza wengi waliokuwa wanaguswa kwenye mkate.

Uganda ndiko kwenye somo zaidi. Kule kiwango cha juu cha kodi ya mapato ya mtu kilishafika asilimia 40. Unaweza kusema basi, matajiri wamepatikana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ukaonyesha jambo lingine: kati ya maafisa 71 wa ngazi za juu serikalini waliochunguzwa, ni mmoja tu aliyekuwa amelipa kodi ya mapato binafsi, mbali na ile inayokatwa kwenye mshahara. Mwaka 2015 mamlaka ya mapato ya Uganda, URA, ikaunda kitengo maalumu cha watu wenye ukwasi mkubwa. Wakaanza kutafuta mali ziko wapi na ni za nani, wakawaita watu wakazungumza nao. Mwaka wa kwanza tu kitengo kile kidogo kilikusanya kiasi cha dola milioni 5.5.

Yaani asilimia 40 ilikuwepo kwenye sheria, hela haikuwepo kwenye mfuko. Ilianza kuingia walipoanza kutafuta. Mkulima hili unalijua: unaweza kununua dawa kali kuliko zote dukani, lakini kama mdudu yuko chini ya jani na wewe unapuliza juu, umepoteza hela.

Na hapa kwetu?

Hapa kwetu mwenye mshahara anaanza kukatwa kikizidi Sh 270,000 kwa mwezi, na kiwango kinapanda kwa ngazi hadi asilimia 30 kwa kinachozidi Sh 1,000,000. Hapo ngazi zinaisha. Mwalimu mkuu anayepata milioni 1.3 na mkurugenzi anayepata milioni 40, shilingi yao ya mwisho inakatwa asilimia ileile. Kwa maoni yangu nafasi ya kuongeza ngazi moja au mbili juu ipo, na haitamgusa hata mmoja kati ya wale thelathini wa chini ya mwembe.

Angalia pia kodi ya majengo. Tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU. Ilianza na Sh 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, baadaye ikapanda, na ghorofa hutozwa zaidi. Kukusanya kumekuwa rahisi, hilo nalisifu. Lakini nyumba ya kawaida ni ipi? Nyumba ya vyumba vitatu pale mji mdogo na jumba la chini lenye bustani na bwawa la kuogelea kule Masaki, zote hazina ghorofa. Na nyumba ikiwa ya kupanga, mara nyingi anayeingiza tokeni za umeme ni mpangaji. Hapa tena, geti linaona mita, halioni thamani ya jumba.

Wala hatuna kodi ya urithi. Mtoto anayeachiwa ekari elfu moja na mtoto anayeachiwa jembe, wote wanaanza bila kudaiwa kitu kwa walichoachiwa. Kila mtu ana maoni yake juu ya hilo, mimi naliweka mezani tu tulitazame.

Na sauti ya wananchi huwa inasikika. Tozo ya miamala ya simu ilipoanza Julai 15, 2021, ilikuwa kati ya Sh 10 na Sh 10,000 kwa muamala. Mkumbuke tulivyokuwa tunatumiana hela za vibarua huku tunauma meno. Kelele zikapigwa, ikapunguzwa kwa asilimia 30 mwaka uleule, ikaendelea kupunguzwa, na bajeti ya 2023/24 ikaiondoa kwenye kutuma. Mwaka 2024 Rais Samia Suluhu Hassan akaunda Tume ya Rais ya Maboresho ya Kodi chini ya Balozi Ombeni Sefue, ikazunguka kukusanya maoni. Wafanyabiashara walijipanga wakaenda na hoja zao. Je, wewe mkulima ulikwenda na nini? Au ulibaki kijiweni ukisema "hawa hawatusikii"?

Hoja za upande wa pili

Kuna kijana siku ile hakunyoosha mkono. Nilimfuata baadaye. Akaniambia: "Bwana shamba, mimi nalima ili niwe tajiri. Nikishangilia wapigwe, si najichimbia shimo mwenyewe?"

Hoja hii naiheshimu. Ina ukweli ndani yake. Mwenye mtaji akibanwa kupita kiasi anaweza kuupeleka kwingine, na sisi tunahitaji mtu wa kujenga ghala la baridi na kiwanda cha kukamua. Kampuni ikishalipa asilimia 30 kwenye faida, mwenye hisa anakatwa tena asilimia 10 kwenye gawio, kwa hiyo si kweli kwamba tajiri anayefuata sheria halipi kitu. Na kuna wenye mali wanaolipa vizuri kabisa, ambao wanaumizwa na wenzao wanaokwepa kuliko hata sisi, maana wanashindana sokoni na mtu asiye na gharama ile.

Jibu langu kwa yule kijana ni hili. Pendekeza kodi ambayo na wewe utakuwa tayari kuilipa siku ukifika pale. Ukisema "matajiri wapigwe tu", kumbuka kwamba kwa jirani yako anayelima nusu ekari kwa jembe la mkono, tajiri ni wewe mwenye ekari 20 na pampu. Kila mtu utajiri anauona unaanzia kwa aliye hatua moja mbele yake. Lakini ukisema "kila mtu alipe kwa kadiri ya anachobakiwa nacho, na anayebakiwa na kingi zaidi alipe sehemu kubwa zaidi", hiyo unaweza kuisimamia ukiwa na ekari 2 na ukiwa na ekari 200. Mwaka mzuri utalipa. Mwaka wa hasara utaachwa upumue.

Msimamo wangu

Naweka kwa kifupi, mnisute mkiona nimekosea.

Kwanza, kabla ya kupandisha viwango, watafutwe wale ambao hawaonekani. Ardhi ina hati, nyumba zina mita, magari yana usajili. Serikali inayoweza kuona magunia 61 usiku wa manane inaweza kuona nyumba 61 za kupangisha mchana.

Pili, ngazi za juu ziongezwe kwenye mapato makubwa kweli, na kodi ya majengo iangalie thamani, siyo kuwepo kwa paa tu.

Tatu, ushuru wa mazao uangaliwe upya. Najua halmashauri nyingi za vijijini zinautegemea, ukiuondoa kesho asubuhi zahanati itakosa mlinzi na mimi nitakosa mafuta ya pikipiki. Sipendekezi ufutwe kibubusa. Napendekeza uwe na kima cha bei: bei ya shambani ikianguka chini ya gharama za uzalishaji, ushuru ushuke au usimame. Gharama hizo sisi maafisa ugani tunazo, tunaziandika kila msimu. Pengo lizibwe na fedha inayopatikana kwenye hayo mawili ya kwanza. Hapo ndipo kodi ya matajiri inapokutana na gunia lako.

Wewe ufanye nini msimu huu

Siwezi kuwaacha na siasa tupu, kazi yangu ni ushauri.

Weka daftari. Kila shilingi inayoingia shambani na inayotoka, na tarehe yake. Bila daftari hasara yako ni hadithi tu, hakuna ofisi itakayoisikiliza. Na daftari lina thamani ya hela taslimu: katika viwango vya wafanyabiashara wadogo vilivyotumika miaka hii ya karibuni, mwenye mauzo ya milioni 5 kwa mwaka asiye na kumbukumbu alidaiwa Sh 100,000, na mwenye kumbukumbu alidaiwa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4, yaani Sh 30,000. Pita ofisi ya TRA iliyo karibu nawe uulize viwango vya mwaka huu na vinakugusaje.

Mkikubaliana bei na mnunuzi, uliza ushuru unalipwa na nani, na uandikwe kwenye makubaliano. Usimwachie aseme "tutaelewana getini". Uza kwa mzani, maana lumbesa ni kodi isiyo na risiti. Ukijaza gunia la kilo 130 ukalipwa bei ya kilo 100, umekatwa asilimia 23 ya mzigo wako. Hakuna halmashauri inayokukata hivyo.

Dai risiti ya ushuru kila mara, na uitunze. Halafu nenda mkutano wa kijiji na risiti zenu kwenye bahasha, muulizeni diwani: tumetoa hizi, zimerudi kama nini? Kumbukeni sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na 4 kati ya hizo ni za vijana. Ile hela uliyolalamikia getini ndiyo unayoweza kwenda kuiomba na kikundi chako.

Na siku serikali ikiita maoni tena, nendeni. Msiende na "tunaonewa". Nendeni na karatasi ya ekari 20, yenye bei nne na ushuru wake pembeni.

Yule kijana wa fuso bado analima. Alizeti amepunguza, ameongeza dengu. Tulikutana mnadani mwezi uliopita, akanikumbusha ile siku huku anacheka. Akaniuliza kama zile mashine siku hizi zimewekewa kitufe cha hasara. Nikamwambia bado, ila tunaanza kukiandikia barua. Akasema atasaini wa kwanza.

Palizi njema ndugu zangu. Tukutane shambani.